Mtoto apimwe makuzi? Maswali ambayo wazazi wa Moshi na Arusha hutuuliza

Maswali haya sisi tunaopima makuzi ya watoto tunaulizwa kwenye benchi la nje, kwenye simu, na mara nyingi zaidi mlangoni, mzazi akiwa ameshaaga na mtoto yuko mgongoni. Tumeyajibu kwa ajili ya mama, baba, bibi, dada wa kazi au mwalimu wa chekechea ambaye kuna jambo limemkaa moyoni kuhusu mtoto fulani na hajui aanzie wapi.

Tathmini ya makuzi ni nini? Anachomwa sindano?

Hachomwi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kusema huyu ana usonji (autism, hali inayoathiri mawasiliano na kuchangamana na watu) na huyu hana. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza, humpa kazi ndogo ndogo, humhoji anayeishi naye, kisha hulinganisha anachofanya na kile ambacho watoto wengi wa umri wake hufanya: kutembea, kutumia mikono, kuelewa, kuongea, kuchangamana na watu, kula na kuvaa. Damu ikichukuliwa, ni kwa ajili ya kutafuta kitu kingine, kwa mfano upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo.

Kuna uchunguzi wa awali na kuna tathmini kamili, na wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili. Uchunguzi wa awali ni maswali machache tu. Dodoso la usonji linalotumika sana, M-CHAT, lina maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30, na hata mama anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni. Majibu yakitia shaka, maana yake ni mtoto aangaliwe kwa undani. Haijawa na maana nyingine yoyote bado, kwa hiyo usiende kulia kwenye daladala.

Nitajuaje kama amechelewa kweli au ndivyo alivyo?

Watoto hawaendi kwa saa moja. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi kadhaa, Ghana ikiwamo, na kukuta kwamba kukaa bila kushikwa huanza popote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9, na kutembea peke yake kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wapo ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakasimama na kwenda zao. Kwa hiyo mtoto wa jirani aliyetembea na miezi tisa asikunyime usingizi.

Ila kuna mambo hatuambii mtu asubiri. Miezi mitatu hadi minne na shingo bado haijakaza. Miezi tisa hakai. Mwaka mmoja haitiki jina lake wala habwabwaji. Mwaka na nusu hatembei, hanyooshi kidole kukuonyesha ndege au ng'ombe, hana neno hata moja. Miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama maji". Na lile lililo zito kuliko yote, katika umri wowote: alikuwa anaweza, sasa hawezi. Mtoto aliyekuwa anasema "baba" na "kwaheri" kisha akanyamaza aletwe wiki hiyo hiyo.

Mwili unaolegea kama kitambaa au unaokakamaa unapombadilisha nepi, na mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla hajafikisha mwaka, nao waletwe. Kutumia mkono mmoja mapema wengi hudhani ni shoto. Inaweza kuwa upande wa pili una udhaifu.

Baba yake naye alichelewa kuongea, akaja kuwa mwalimu. Si atasema tu?

Inawezekana. Kuchelewa kusema huenda kwa ukoo, na wapo wanaofidia wenyewe kabla ya kuanza shule. Tatizo ni kwamba ukimtazama mtoto wa miaka miwili leo huwezi kujua kama ni yule atakayefidia au ni yule asiyesikia. Wote wawili wanafanana. Tukikagua tukakuta yuko sawa, umepoteza asubuhi moja na nauli. Tukisubiri hadi miaka mitano tukakuta hasikii, hiyo miaka hairudi.

Bibi anasema tumkate kimeo, au ile kamba ya chini ya ulimi.

Tunalisikia kutoka Rombo hadi Monduli, na bibi hasemi kwa ubaya. Ndivyo alivyokuta.

Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakizuii maneno. Mtoto hukatwa na wembe au kisu, anavuja damu, anapata maambukizi, na akiwa hajakamilisha chanjo yuko hatarini kupata pepopunda. Akirudi nyumbani bado haongei, maana sababu ilikuwa kwenye masikio au kwenye namna ubongo unavyoshika lugha. Kamba ya ulimi ni suala jingine kidogo: ikiwa fupi sana inaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya na kuathiri baadhi ya sauti akikua. Haimfanyi mtoto wa miaka mitatu asiwe na maneno kabisa. Ulimi ukikutia shaka, uonekane na daktari.

Mbele ya bibi huwa hatubishani. Tunamwuliza: "Shikamoo bibi, ukimwita kwa nyuma anageuka?" Kimya kinachofuata mara nyingi hufanya kazi kuliko somo letu lote.

Kwa nini kila mtu mnamwanzia na masikio?

Kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mkaidi, mzito wa akili au mwenye usonji. Haitiki akiitwa. Anacheza peke yake. Anafanya fujo darasani. Wazazi hutuambia "anasikia, hata pikipiki ikipita anakimbilia dirishani", na ni kweli, lakini kusikia mngurumo si kusikia tofauti ya "pata" na "bata". Wengine husikia leo na kesho wasisikie kwa sababu ya usaha au maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua yasiyoisha.

Mtoto aliyepata manjano kali akiwa mchanga au homa ya uti wa mgongo apimwe masikio hata kama hakuna anayelalamika. Hatuandiki neno usonji kwenye karatasi ya mtoto ambaye masikio yake hayajapimwa, na ukipewa karatasi ya namna hiyo mahali popote, una haki ya kuuliza.

Nyumbani ni Kichaga na Kiswahili, shuleni Kiingereza. Tumemchanganya?

Hapana. Lugha mbili au tatu hazimfanyi mtoto achelewe kuongea. Mji wa Arusha umejaa watoto wanaosikia Kimaasai kwa babu, Kiswahili kwa dada wa kazi na Kiingereza kwa mwalimu, na wanaongea vizuri tu. Anaweza kuchanganya maneno katika sentensi moja, "nipe ile ball", na hiyo ni kawaida.

Kinachotakiwa ni hesabu iwe ya haki. Akisema neno moja la Kimachame, manne ya Kiswahili na mawili ya Kiingereza, ana maneno saba. Tumeshapokea watoto walioambiwa shuleni kwamba "hawana lugha" kwa sababu tu waliulizwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tuambie mapema nyumbani mnaongea nini, na ikibidi njoo na mtu anayeijua lugha ya bibi. Na yule anayekushauri uache kabisa Kichaga ili mtoto ashike Kiingereza anakuondolea lugha ambayo wewe mwenyewe unambembelezea mwanao. Usikubali.

Ila kama amechelewa katika lugha zote anazozisikia, hapo lugha nyingi zisitumike kama kisingizio cha kutomleta.

Siku yenyewe inakuwaje?

Jamvi chini, viti viwili vya wakubwa, kikapu cha vitu. Dakika za kwanza hatumgusi mtoto. Tunaongea na wewe huku tukimwangalia kwa pembeni: anarudi kwako mara ngapi, anakuletea kitu akuonyeshe, au amechukua kigari na anazungusha gurudumu lake tu karibu na jicho.

Baadaye tunamwita jamvini. Tunajenga mnara wa vibao, tunamwachia ajenge wake. Tunaweka punje ya maharage kwenye kiganja, tukiwa macho asiimeze, tuone kama anaiokota kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada au anaikwangua kwa kiganja kizima. Tunaficha kijiko chini ya leso. Tunampa mwanasesere na kikombe kitupu. Wapo wanaomnywesha uji mara moja, wapo wanaokitupa kikombe, na wapo wanaotutazama sisi kama wajinga kwa sababu kikombe hakina uji. Jibu la namna hiyo nalo tunaliandika.

Inachukua saa moja na nusu hadi mbili, na mapumziko ya kunyonya au kula katikati. Mtoto akilala, tunamwacha alale. Akilia mwanzo hadi mwisho, tunapanga siku nyingine, kwa maana tathmini ya mtoto anayelia inapima kilio. Mtu akikupa jibu zito baada ya dakika kumi za kumwona mwanao akipiga kelele ofisini, tafuta mtu mwingine.

Vipimo hivi si vya Wazungu? Mtoto wangu hajawahi kuona hizo picha.

Pingamizi la haki. Vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, na mtoto wa Mwika akionyeshwa picha ya kikaangio cha mkate asikijue, hajashindwa kitu. Ndiyo maana watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walitunga kipimo chao kwa watoto wa kule, na Malawi wana chao, MDAT, kilichochapishwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa kwa watoto wa vijijini. Popote unapompeleka, uliza: "Mnatumia kipimo gani, na kwa lugha gani?" Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Sisi vilevile tunauliza mambo ambayo hayamo kwenye makaratasi ya kigeni: anatumwa dukani? Anajua mbuzi wa kwao? Anambeba mdogo wake bila kumwangusha? Mtoto wa miaka sita anayetumwa chumvi akarudi na chenji sahihi ametuambia mengi.

Nije na nini?

Kadi ya kliniki, hata kama imechanika. Uzito wa kuzaliwa, kama alilia mara moja, kama alilazwa: vingi vimo humo au kwenye karatasi za hospitali. Njoo na daftari la shule kama anasoma, pamoja na chakula anachokipenda na nguo ya kubadilisha. Kama anavaa miwani, mje nayo. Mwaka haupiti bila mtu kuiacha nyumbani.

Na video. Simu yako ni kifaa cha maana kuliko vyetu vingi. Rekodi dakika mbili akila, mbili akicheza na wenzake, na lile tendo linalokusumbua, liwe kupiga kichwa ukutani, kutembelea vidole au kukodoa macho na kuganda. Akija kwetu hatalifanya. Watoto wana tabia hiyo.

Mnaotoka mbali, Karatu, Longido au Same, tuambieni. Aliyeamshwa saa tisa usiku kupanda basi hawezi kupimwa saa mbili asubuhi akaonyesha anachokiweza. Tutakupangia mchana.

Nani aje naye?

Anayeshinda naye. Kama ni dada wa kazi, aje dada wa kazi pamoja na wewe, na aachwe aongee bila kukatizwa.

Walimu wanasema hatulii kabisa. Ni ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia?

Labda. Au ni mtoto wa miaka minne, ambaye kutulia si kazi yake. ADHD haitamkwi kwa sababu ya malalamiko ya mwalimu mmoja. Dalili zinatakiwa zidumu angalau miezi sita, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja, na ziwe zinamkwamisha mtoto. Anayesumbua shuleni tu, wakati nyumbani na Sunday school au madrasa yuko sawa, hapo tunaliangalia darasa kwanza: wako wangapi, anakaa wapi, anaona ubaoni? Anayesumbua nyumbani tu, tunauliza nyumbani kuna nini.

Tunauliza pia kuhusu usingizi. Mtoto anayekoroma kila usiku na kupumua kwa mdomo huwa halali vizuri, na mchana anakuwa kama ana betri mbili. Wapo ambao kinyama cha nyuma ya pua kilipotibiwa, hata barua za shule zilikoma. Upungufu wa madini ya chuma, kutosikia, kufiwa, kuhamishwa kwa bibi, kupigwa: vyote huweza kuvaa sura ya utundu.

Kwa aliye chini ya miaka sita hatukimbilii dawa hata akiwa nayo kweli. Tunaanza kwa kuwafundisha wazazi na mwalimu namna ya kumwongoza. Na fimbo? Haijawahi kumtibu hata mmoja.

Ni mimi nimesababisha? Ukoo wa mume wangu unasema ni laana.

Usonji hauletwi na malezi, wala laana, wala chanjo. Mtindio wa ubongo, yaani shida ya misuli na mwendo inayotokana na ubongo kuumia, mara nyingi una historia tunayoweza kuifuatilia: mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, alizaliwa njiti, alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Wakati mwingine hatupati sababu. Maombi endelea nayo, msikitini au kanisani. Hatujawahi kumwambia mtu aache kuomba. Tunachoomba ni asiache kliniki.

Alipata degedege. Ndiyo chanzo?

Degedege fupi la homa kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, mara nyingi, haliharibu makuzi. Lililodumu muda mrefu, lililokuja bila homa au linalojirudia ni habari nyingine. Huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa. Kuna kifafa pia kisicho na kuanguka: mtoto anaganda sekunde chache, macho yametazama mbali, kisha anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea, na mwalimu anasema anaota mchana. Hiyo video tunaihitaji sana.

Katuni kwenye simu je?

Hazisababishi usonji, lakini hazimfundishi mtoto mdogo kuongea, maana katuni haimsubiri ajibu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019: chini ya miaka miwili, skrini zisiwepo, miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku.

Miguu imepinda na anatembea kwa shida. Nije kwenu?

Kwanza daktari wa mifupa au wa watoto. Ukanda wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki na vijiji vingine vya chini ya Mlima Meru una maji yenye floraidi nyingi, na mbali na meno ya kahawia, ikizidi sana hupindisha mifupa ya watoto. Ukosefu wa vitamini D nao huleta matege. Mtoto huyu akili na lugha yake vinaweza kuwa vizuri kabisa. Tuambie anakunywa maji ya wapi, na kama mboga na maharage hupikwa kwa magadi.

Nianzie wapi kwa hapa?

Kliniki ya mama na mtoto unayoijua. Usiishie kupima uzito na kuondoka. Sema kwa sauti, "nina wasiwasi na kuongea kwake", na uombe iandikwe kwenye kadi. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya Mawenzi kwa walio mkoa wa Kilimanjaro au Mount Meru kwa Arusha, na juu yake hospitali ya KCMC, Moshi, ambako pia ndiko wanakosomeshwa wataalamu wa tiba kwa vitendo (wanaomsaidia mtoto kumudu kula, kuvaa na kucheza). Kwa mtoto aliyefika umri wa shule kuna mlango wa pili: afisa elimu maalum wa halmashauri yako. Huyo ndiye anayejua shule zipi zina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum na walimu waliosomea; wengi wao wamepitia Chuo cha Patandi, pale Tengeru.

Ni shilingi ngapi?

Piga simu uulize kabla ya kupanda gari, na uulize mambo matatu: bei ya tathmini, kama ripoti ya maandishi imo humo, na kama bima yako inakubaliwa. Kwa sera ya serikali, mtoto chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia matibabu katika vituo vya umma. Ukikwama, afisa ustawi wa jamii wa hospitali yupo kwa ajili hiyo. Gonga mlango wake kabla hujakopa.

Akishapewa jina la hali yake, si litamfuata maisha yote?

Hofu hii tunaielewa, na kwa kweli jina si kitu cha kwanza tunachokitafuta. Kwenye ripoti ukurasa wa kwanza ni anachokiweza, unaofuata ni anachokaribia kukiweza, kisha mnachotakiwa kufanya nyumbani wiki hii. Jina linakuja baadaye na wakati mwingine haliji kabisa, hasa kwa aliye chini ya miaka mitatu. Tunaandika "amechelewa lugha, aonwe tena baada ya miezi sita". Mazoezi hayasubiri jina. Mtoto ambaye shingo haijakaza anahitaji kukalishwa vizuri na kulishwa bila kupaliwa leo, iwe tumeuita mtindio au hatujauita.

Ripoti ni yako. Shule haipati nakala bila wewe kukubali, na tunaweza kukuandikia barua fupi ya shule isiyo na mambo ya nyumbani.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza imemkataa kwenye usaili.

Tunaliona kila Januari, na linatuudhi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma katika mazingira jumuishi. Omba sababu kwa maandishi. Baadhi ya milango hufunguka hapo hapo. Lakini tuseme ukweli: mlango uliofunguliwa kwa kusukumwa si lazima uwe na mwalimu mwenye nia ndani yake. Shule ya serikali yenye kitengo kinachofanya kazi mara nyingi humfaa mtoto kuliko jengo zuri lenye bembea. Nenda kaangalie saa ya mapumziko. Watoto wa kitengo wanacheza na wenzao, au wamefungiwa?

Kwa wanaokaribia mitihani ya taifa, ripoti iwahi. Kuna utaratibu wa muda wa ziada na maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, na shule hutakiwa kutoa taarifa wakati wa kusajili, si wiki ya mtihani.

Baba hataki kabisa kusikia.

Asije kwa tathmini, aje kumleta tu. Tunampa vibao acheze na mwanawe huku sisi tukiandika. Akimwona mwenyewe anavyohangaika na jambo moja na anavyoliweza jingine, maswali anaanza kuuliza yeye.

Baada ya ripoti mnatuacha?

Siku ya kusomewa ripoti njoo na mtu mzima mwingine, kwa sababu ukisikia neno moja zito, yanayofuata hutayasikia. Tunakuonyesha mazoezi mawili, si kumi, na unayafanya mbele yetu kabla hujaondoka. Chini ya miaka mitatu tunamwona tena baada ya miezi mitatu hadi sita, wakubwa mara moja kwa mwaka au wanapobadilisha shule. Ukihamia mkoa mwingine omba nakala yenye muhuri uondoke nayo. Na akipoteza neno au uwezo wowote aliokuwa nao, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.